Usikimbilie shift kit, fungua sampu kwanza (kwa mnaoanza kushika giaboksi ya otomatiki ya pikapu)

Karibu kila mtu anayeanza kushika giaboksi ya otomatiki kwa mikono yake swali lake la kwanza ni nifunge kitu gani ili ibebe mzigo zaidi, shift kit ipi (seti ya springi na vipuri vya kubadili jinsi gia zinavyoingia), konvata ipi (tokikonvata, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa kutumia oili), sampu kubwa ya alumini ipi (sampu ni lile karai la oili chini ya giaboksi). Nawaelewa kabisa, manake na mimi nilianzia hapo hapo. Nilinunua kit kabla hata sijajua oili iliyoko ndani ina rangi gani, nikaifunga, gia zikawa zinaingia kwa kishindo nikafurahi kweli, wiki ya tatu gia ya tatu ikaanza kuteleza. Kumbe plati za klachi zilishaungua siku nyingi, mimi nilikuwa napaka rangi nyumba iliyoliwa na mchwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, shusha sampu uone ndani kuna nini.

Usalama nausema mara moja tu: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi za uhakika, zuia magurudumu. Na oili iwe vuguvugu isiwe ya moto, ile ya digrii 90 ikikushukia kwenye mkono utajua hujui. Sampu nyingi za kiwandani hazina nati ya kumwagia, so unalegeza bolti zote kidogo kidogo, unatoa za nyuma na za pembeni, unaacha mbili tatu za mbele zimeshika kwa mbali, sampu inainama yenyewe na oili inamwagika kwa upande mmoja. Beseni liwe pana kuliko unavyofikiri, alafu uongeze tena kidogo.

Oili iliyotoka ipime, usiimwage. Kwenye pikapu nyingi itatoka kama lita 4 mpaka 7 hivi wakati giaboksi nzima inabeba 10 na kuendelea, manake nyingine imebaki ndani ya tokikonvata na kwenye mabomba ya kula (cooler, kile kipoza oili). Ndo maana ukibadili mara moja, oili mpya inachanganyika na ya zamani. Sio kosa, rudia tu baada ya muda, au uchomoe bomba la kurudisha oili kutoka kwenye kula uliingize kwenye galoni, washa injini itoke kama lita mbili, zima, jaza lita mbili, rudia mpaka itoke safi. Ila hapa usiwe peke yako, mmoja awe kwenye swichi, manake pampu ikikaukiwa inajimaliza yenyewe.

Sasa sampu ikiwa mezani usikimbilie kuiosha! Angalia sumaku. Matope laini ya kijivu kama grisi ni kawaida, ni klachi na vyuma vikisagika taratibu miaka yote. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha sio kawaida. Chenga za rangi ya dhahabu mara nyingi ni bushi zinaliwa. Unga mweusi mwingi na harufu ya kuungua, hizo ni klachi, na hakuna oili wala kit ya kuzirudisha. Ukikuta oili ya pinki yenye maziwa maziwa basi maji ya rejeta yameingia kupitia kula iliyo ndani ya rejeta, hapo hata usiendeshe, manake maji na kulanti vinaachisha gundi iliyoshika karatasi ya klachi.

Kuna maneno kwamba ukibadili oili kwenye giaboksi ya zamani utaiua. Mimi naona hivi: ile inayokufa baada ya kubadili oili ilikuwa inakufa tayari, mwenyewe aliamua kubadili kwa sababu ilishaanza kuteleza. Kama gia zinaingia vizuri na sampu haina maajabu, badili bila wasiwasi.

Filta ndo sehemu wageni wengi wanapigwa. Ukivuta filta ya zamani, sili yake inaweza kubaki juu kule kwenye tundu, ukasukuma filta mpya yenye sili mpya juu ya ile ya zamani, ikakaa nusu, pampu ikavuta hewa na gari likagoma kutembea. Ingiza kidole, piga tochi, hakikisha tundu ni tupu, na ukiitoa sili kwa bisibisi usikwaruze ukuta wake. Pia linganisha filta mpya na ya zamani kabla ya kufunga, kuna giaboksi zina sampu fupi na sampu ndefu na filta zake hazifanani.

Bolti za sampu zinataka nguvu ndogo sana, nyingi ni kama Nm 10 mpaka 14, angalia manyuo (kitabu cha maelekezo) ya gari lako. Ukizikaza kwa hasira unakunja ukingo wa sampu na itavuja milele. Na silikoni achana nayo kabisa, ile inayofinywa kwenda ndani inakatika na kuishia kwenye filta. Kufutia tumia kitambaa kisichotoa manyoya, uzi mmoja unatosha kukwamisha valvu.

Oili weka ile iliyoandikwa kwa gari lako, iwe Dexron VI, Mercon LV, ATF+4 au nyingine, usiangalie tu kwamba zote ni nyekundu. Jaza pungufu kidogo ya ulichopima, washa, kanyaga breki, pitisha gia moja moja sekunde chache, ndo upime. Gari lisimame pa tambarare na oili ipate moto. Nyingi zinapimwa injini ikiunguruma kwenye P, lakini pikapu nyingi za zamani za Dodge zinapimwa kwenye N, na zile zisizo na stiki ya kupimia oili unapimia kwenye nati ya pembeni oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na manyuo. Ikizidi nayo ni ugonjwa, gia zinaipiga mpaka inatoa povu na povu halisukumi klachi.

Haya, tuje kwenye kuboresha. Kitu cha kwanza ni geji ya joto, na hapo ndo wengi wananikatalia kwa sababu geji haiongezi nguvu. Lakini bila geji unabahatisha. Oili ikiwa digrii 80 mpaka 95 uko poa, ukivuta trela mlimani ikapanda 110 punguza mwendo na ushushe gia ili konvata ijifunge isiwe inateleza, ikifika 120 simama, weka N, usizime injini, iache iungurume juu kidogo ya ule muungurumo wa kawaida usipokanyaga mafuta ili pampu iendelee kupeleka oili kwenye kula.

Cha pili ni kula ya nje, ile ya sahani zilizopangana inapoza vizuri kuliko ya mrija wenye mapezi. Iweke mbele ya rejeta, oili ipite kwanza kwenye rejeta alafu ndo ije huku. Na kama giaboksi ya mwanzo iliungua, kula ya zamani usiirithishe kwenye giaboksi mpya, ina chenga ndani. Sampu kubwa ni nzuri ila msisifie sana, inachelewesha joto kupanda kuliko inavyolipunguza, faida yake kubwa kwangu ni ile nati ya kumwagia.

Shift kit sasa, baada ya hayo yote. Inaongeza presha na kupunguza muda klachi moja inapoachia na nyingine kushika, kwa hiyo mtelezo na joto vinapungua, kwa klachi ambazo bado nzima. Ukishusha valvu bodi (lile bamba lenye valvu na njia za oili, juu ya sampu), vigololi vitadondoka, piga picha kabla na baada, na wakati wa kurudisha vishikize kwa mafuta ya mgando ya kupakaa, sio grisi, manake hayo yanayeyuka kwenye oili na grisi inaziba matundu. Wenye 700R4 (giaboksi ya GM ya gia nne), ile keboli ya TV (throttle valve, inayoongoza presha kulingana na unavyokanyaga mafuta) inayotoka kwenye kabureta irekebisheni kwanza, ikilegea presha inashuka na klachi zinaungua siku hiyo hiyo.

Konvata ndo naiacha mwisho kwa sababu ni lazima ushushe giaboksi nzima. Wakati wa kurudisha, izungushe huku unaisukuma mpaka uisikie imezama mara mbili au tatu, upime kwa rula kina chake. Na ukijikuta unaivuta giaboksi ije kwenye injini kwa kukaza bolti, acha hapo hapo, irudishe nyuma, konvata haijaingia na unachovunja ni pampu.