Na hao wanakula nini?

Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na sayari nne, lugha mbili nilizozitunga mwenyewe, na majina ya viumbe yaliyojaza daftari zima. Jioni moja nikamsomea shangazi barazani, Ngamiani, hapa Tanga. Alinisikiliza kwa subira mpaka sura ya pili, kisha akauliza, "Mwanangu, na hao wanakula nini?" Sikuwa na jibu. Dunia yangu ilikuwa na miezi mitatu angani, lakini jiko hata moja haikuwa nalo.

Tangu siku hiyo, vijana wanaoniletea hadithi zao nawaomba hivi: weka ajabu moja tu, mengine yaache kama tunavyoyajua. Mwalimu wa hilo ni wa hapa hapa kwetu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, katika riwaya yake Kusadikika aliiweka nchi yenye jina hilo angani. Ajabu ndiyo hiyo. Yaliyobaki ni baraza la mashtaka, waziri mkali, na Karama anayeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Msomaji husahau kwamba yuko hewani, maana dhuluma ile anaijua.

Nilipoanza upya sikwenda mbali. Mwaka 1938, Afrika Kusini, alivuliwa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Huku Tanga hunaswa katika jarife, wavu mkubwa wa kuvulia papa, na mwaka 2009 ilitangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nikaenda Kigombe kuketi na wavuvi. Sikuwauliza habari za jini wala shetani. Niliuliza wanatoka saa ngapi, jarife linashushwa kina gani, mashine ikiharibika nani anakopesha. Ndipo nikaandika habari za samaki anayekumbuka sauti ya kila aliyezama. Safari hii shangazi hakuuliza kitu. Alitaja jina la marehemu kaka yake, akanyamaza.

Kazi inayokulisha usiiache mapema. Mimi nauza vifaa vya ujenzi, na huandika baada ya swala ya alfajiri mpaka saa moja na nusu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali Kusadikika ilipotoka mwaka 1951. Octavia Butler, mwandishi wa riwaya za kisayansi wa Marekani, aliamka saa nane za usiku kuandika kabla ya vibarua vyake.

La mkataba limeniuma zaidi. Mchapishaji mmoja alikaa na muswada wangu wa pili miaka mitatu bila kuuchapa, nami sikuweza kuupeleka kwingine kwa sababu nilitia saini karatasi isiyo na kikomo. Furaha ilinizuia kusoma. Tafuta kifungu kinachorudisha haki kwako kitabu kisipotoka ndani ya muda mliokubaliana. Kama hakimo, omba kiandikwe. Nilipoomba kwa ajili ya muswada wa tatu walikataa, nikauchukua, nikapanda daladala nao mapajani hadi nyumbani.