Zile "taa" za Ceres ni nini hasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna picha inazunguka WhatsApp ya kisayari kinaitwa Ceres, ndani ya shimo kuna vidoa viwili vinawaka kama taa za gari usiku. Kaka anasema ni mji wa viumbe wengine na NASA wanaficha, mimi nasema ni barafu, tumebishana wiki nzima. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote mmekosa, ila wewe umekosa kidogo.

Picha ni ya kweli, haijachezewa. Ilipigwa Februari 2015 na chombo cha anga cha NASA kinachoitwa Dawn kikiwa bado mbali, kama kilomita 46,000 hivi, wiki chache kabla hakijaanza kuizunguka Ceres tarehe 6 Machi. Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe: udongo wa Ceres ni mweusi, mwanga wa jua unaoupiga unarudisha kama asilimia 9 tu, kwa hiyo kamera inabidi iachiwe mwanga mwingi ndo ardhi ionekane, na chochote cheupe kilichopo hapo lazima kiungue. Mpige picha bibi yako amekaa ndani karibu na dirisha saa saba mchana, sura utaipata vizuri lakini dirisha litatoka jeupe tupu kama moto. Ndo hicho kilichotokea. Zile sio taa, hazina mwanga wake, Ceres inajizungusha kwa saa 9 hivi na jua likishazama pale navyo vinapotea.

Na suala la kufichwa, jamani, NASA wenyewe waliweka kura mtandaoni kila mtu aseme anadhani ni nini, volkano, mvuke unaoruka, mwamba, barafu, chumvi au kitu kingine. Hawakuwa wanajua. Mimi nilikuwa upande wa barafu kama wewe, tena nilikuwa na uhakika kabisa.

Halafu Dawn ikashuka. Mwisho wa 2015 ikafika kilomita 385 juu ya ardhi, na vile "viwili" vikagawanyika vikawa mabaka mengi. Shimo lenyewe linaitwa Occator, upana kilomita 92, yaani Ngorongoro zinapangwa nne na bado nafasi inabaki. Baka kubwa la katikati ni Cerealia Facula, yale ya mashariki ni Vinalia Faculae. Mwaka 2016 wanasayansi wakatoa jibu baada ya kupima mwanga unaorudi: sehemu kubwa ni sodiamu kaboneti. Yaani magadi! Jamii ile ile tunayotia kwenye maharage yaive haraka, ile inayovunwa Ziwa Magadi kule Kenya na inayoganda pembeni mwa Ziwa Natron. Niliposoma hiyo nilisimama kwenye kiti, kitu cha jikoni kwa mama kiko katikati ya Mirihi na Mshtarii.

Na kilifikaje, ni kama kule Natron tu: maji ya chumvi yanapanda kutoka chini, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Occator ilichimbwa na jiwe kubwa lililoipiga Ceres miaka kama milioni 20 iliyopita, ardhi ikapasuka, maji ya chumvi yakapata njia. Juu hakuna hewa kwa hiyo maji hayakai, magadi yanabaki meupe. Lakini mabaka ni machanga kuliko shimo lenyewe, kwa hiyo maji yaliendelea kupanda muda mrefu baadaye. Mwaka 2018 Dawn ilishuka hadi kilomita 35 tu, na kwenye data hizo, 2020 wakatangaza kuna chumvi ya kawaida ambayo bado imeshikilia maji ndani yake. Chumvi ya hivyo ikikaa wazi pale juu inakauka haraka, kwa hiyo imefika juu juzijuzi kwa hesabu za anga, labda hata sasa inaendelea kupanda. Mwambie kaka yako hiyo, inasisimua kuliko mji.

SWALI: Na Enceladus, mwezi wa Zohali, mbona mweupe wote? Nao ni magadi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana ndugu yangu, huko sasa ni barafu kweli. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliona maji yanarushwa juu kutoka kwenye nyufa za kusini, yanaganda hapo hapo na mengine yanaanguka tena kama theluji, kwa hiyo mwezi mzima unapakwa rangi upya kila siku. Mwezi mwingine wa Zohali, Dione, una michirizi myeupe tu. Chombo cha Voyager kiliiona mwaka 1980 ikaonekana kama unga umemwagika, Cassini ikasogea Desemba 2004 na kumbe ni kuta ndefu za barafu, ardhi imepasuka na ule uso mpya wa ukuta ndo unaong'aa.