Maarifa yasiyoingia kwenye jalada: kwa wanaoanza kazi katika ofisi za umma

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa meza ya afisa aliyestaafu. Majalada yake yalikuwa yamepangwa vizuri, folio, yaani karatasi za jalada, zimehesabiwa na madokezo yote yamesainiwa, nami nikaamini kwamba nimepokea kazi nzima. Baadaye hati moja ya malipo ikarudishwa mara tatu bila maelezo ya kueleweka, hadi nilipompigia simu mzee yule, akaniambia kwa muda usiozidi dakika mbili kwamba ankara ya aina ile haipiti pasipo hati ya mapokezi iliyosainiwa na mtunza bohari mwenyewe, wala si msaidizi wake. Jambo hilo halikuandikwa popote.

Wengi wanaopewa jukumu la kusimamia maarifa ya taasisi huanzia kwenye mfumo wa kompyuta, kwa kuwa unaonekana na unaombewa bajeti kwa urahisi. Sisemi hauhitajiki, ila nimeona mfumo mzuri ukikaa mtupu kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuujaza. Tathmini ya utendaji huhesabu kazi aliyoimaliza mtumishi, si aliyomfundisha mwenzake. Na mahali ambapo vyeo ni vichache, anayejua jambo peke yake huogopa kwamba akiligawa atakuwa amejipunguzia thamani. Hofu hiyo haiondolewi na semina. Huondolewa na mkuu wa idara anayeuliza kikaoni, kila mara, ni nani mwingine anayeiweza kazi hii, na kumpongeza aliyefundisha. Hata ISO 30401, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa maarifa kilichotolewa mwaka 2018, kinadai uongozi na utamaduni wa taasisi vishughulikiwe, si teknolojia pekee.

Usiri nao huzuia maarifa kugawanywa. Una nafasi yake kisheria, lakini chunguzeni kama kila kinachogongwa muhuri wa siri kinastahili, maana mara nyingine ni mazoea tu.

Uhamisho huja ghafla, ilhali tarehe ya kustaafu hujulikana miaka mingi kabla, na bado makabidhiano hufanywa siku ya mwisho, huku keki ikisubiri. Ombeni angalau wiki chache za kukaa na anayeondoka akiwa bado anafanya kazi, na msimwombe orodha ya majukumu, kwani hiyo tayari iko masijala. Mwulizeni ni nyaraka zipi hurudishwa mara kwa mara, nani huzirudisha, na yeye hufanya nini zinaporudi.