Kusoma mafundisho ya Buddha na kutafakari: ugawe vipi muda

Ndugu, nimekuelewa: unasoma hotuba za Buddha saa nzima usiku, kisha ukikaa kutafakari kichwa bado kinachambua maneno. Geuza ratiba. Alfajiri kaa dakika 20 ukifuata pumzi puani, kabla hujagusa kitabu wala simu. Jioni soma dakika 15 tu, hotuba moja: Anapanasati, yaani kuzingatia pumzi, ya 118 katika Majjhima Nikaya, mkusanyo wa hotuba za Buddha za urefu wa kati. Ina hatua 16. Chukua mbili za kwanza, kutambua pumzi ndefu na pumzi fupi, ukae nazo wiki nzima. Neno la Kipali, lugha ya hotuba hizo, likikujia katikati ya kikao, liite "kuwaza", urudi puani. Usianze kulitafsiri, hapo ndipo wengi hupotelea. Kuacha kusoma kabisa nako ni kosa: utauita usinziaji utulivu. Hofu ikikushika au usiku hulali, punguza vikao, umwone mwalimu, ikizidi, daktari.