Thaimasi inachuja, kwa nini tena tuhitaji seli T dhibiti?

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Hospitali wanampa dawa za kupunguza kinga, huku mtaani tunauziwa vidonge vya "kuongeza kinga". Nimesoma kwamba kuna seli T zinazozuia kinga isiushambulie mwili. Zinafanyaje kazi? Na kama tezi ya thaimasi huua seli mbaya mapema, hizi ni za nini tena?

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho, maana ndilo lililowasumbua hata watafiti.

Seli T, aina ya chembe nyeupe za damu zinazotukinga, hutokana na uboho, kisha hupevuka kwenye thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Kila moja hupata kipokezi chake kwa bahati nasibu, kwa hiyo hazikosekani zenye kipokezi kinachonasa protini za mwili wenyewe. Thaimasi huziua nyingi. Nyingi, si zote. Hata mimi na wewe tunazo kwenye damu sasa hivi, na hatuugui.

Kwa nini? Mjapani Shimon Sakaguchi alianzia kwa panya waliotolewa thaimasi siku 3 baada ya kuzaliwa. Ungedhani kinga yao ingezorota tu; kumbe iligeuka ikashambulia viungo vyao. Walipodungwa seli T za panya wazima wenye afya, ugonjwa ukazuilika. Basi miongoni mwa seli T zimo zinazozizuia nyingine zisishambulie, ndizo seli T dhibiti. Mwaka 1995 alionyesha kwamba zinatambulika kwa alama iitwayo CD25. Wengi walimtilia shaka, na siwalaumu: wazo la seli za namna hiyo lilishawahi kuvuma miaka ya 1970 likaporomoka.

Shaka iliondolewa na panya wengine, wa Marekani, ambao madume yao yalizaliwa na ngozi ya magamba na wengu uliovimba, yakafa baada ya wiki chache. Kwa kuwa waliougua ni madume, kosa lilikuwa kwenye kromosomu X, ambayo dume analo moja tu, hana la akiba. Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipunguza eneo la msako hadi jeni 20, wakazipima moja moja. Ilikuwa ya 20! Waliiita Foxp3, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba jeni hiyo hiyo ikiharibika kwa binadamu huleta ugonjwa uitwao IPEX: mtoto wa kiume anapata kisukari, ukurutu na kuhara kusikokoma akiwa bado mchanga. Baadaye ikajulikana kwamba Foxp3 ndiyo inayoifanya seli T kuwa dhibiti. Watafiti hao watatu walipewa Nobel mwaka 2025.

Sasa kazi yenyewe. Seli T ikitaka kuzaliana inahitaji kichocheo kiitwacho IL-2. Ile CD25 ni sehemu ya kipokezi chake, na seli dhibiti zimejaa vipokezi hivyo, kwa hiyo huinywa IL-2 yote jirani zikabaki na kiu. Pia huziendea seli zinazoonyesha vipande vya protini kwa seli T, na kwa kutumia protini yao iitwayo CTLA-4 zinazinyang'anya protini za kutolea ruhusa ya kushambulia. Juu ya hayo humwaga kemikali za kutuliza, kama IL-10.

Kwa dada yako: lupasi ina hitilafu nyingi na udhaifu wa seli hizi ni mojawapo tu; wagonjwa wengi pia hutengeneza IL-2 kidogo, ndiyo maana kuna majaribio ya kuwapa dozi ndogo ya IL-2, inayozilisha seli dhibiti kwanza. Lakini kinga yake haijapungua kwa namna wauzaji wanavyodai. Imekosa breki, na wao wanakuuzia mafuta. Mmea uitwao alfalfa hasa umehusishwa na lupasi kuchachamaa, na utaukuta kwenye vidonge vingi vya "lishe". Asiache dawa za hospitali ghafla, na kliniki ijayo aende na makopo yote anayotumia, hata yale anayoona aibu kuyaonyesha.