Usimwage rezini juu ya picha ya bibi yako

Dada, simamisha kazi hiyo kwanza. Umeandika kwamba unatengeneza chumba cha kumbukumbu za marehemu bibi yako huko Bagamoyo, kwamba utabandika picha zake za studio, barua zake na vipande vya kanga zake kwenye plaiwudi, utazungushia chumvi ya mawe, kisha utamwaga rezini, ile plastiki ya maji inayoganda ikawa kama kioo, juu ya vyote. Umeuliza rezini ipi ni nzuri, taa zikae wapi, na sauti yake uliyoirekodi isikike kwa spika ngapi. Hakuna rezini iliyo nzuri kwa jambo hilo.

Mimi nilimfanyia bibi mzaa baba hayo hayo unayotaka kuyafanya. Aliyenielekeza alikuwa mkufunzi wa warsha ya sanaa na uponyaji, mtu mwenye maneno matamu, aliyeshikilia kwamba nakala haina roho, kwamba mtazamaji huguswa pale tu anapoiona karatasi iliyopita mikononi mwa marehemu, na kwamba anayeogopa kukitoa kitu chenyewe bado hajawa tayari kupona. Sote mle ndani tulikuwa na misiba yetu, na mfiwa akiambiwa kwamba uchoyo wake ndio unaomzuia kupona, atatoa chochote atakachoombwa. Bado nina hasira naye. Hakutuuliza hata mara moja kama picha tulizoleta zina nakala nyingine popote, nalo ndilo swali la kwanza ambalo mtu anayeijua kazi hii angeuliza.

Picha niliyoleta haikuwa na nakala. Shangazi ndiye aliyeniazima; ndani yake bibi bado ni msichana, amesimama kando ya kiti cha studio, na nyuma ya picha kuna muhuri wa mpiga picha pamoja na maandishi ya penseli ya babu, kwa hati za Kiarabu, yanayotaja yeye ni nani na binti wa nani. Niliipaka gundi nyeupe ya mbao upande huo wa nyuma nikaikandamiza kwenye ubao. Fikiria nilichokifanya: kazi ilihusu utambulisho wa bibi yangu, na hatua yake ya kwanza ilikuwa kulizika jina lake chini ya gundi, kabla hata tone la rezini halijamwagika.

Rezini ilipokuja, ilimaliza yaliyobaki. Karatasi na pamba huinywa rezini kama mafuta. Barua iliyoandikwa pande zote mbili ikawa nyangavu, maandishi ya nyuma yakajitokeza na kulala juu ya yale ya mbele, hata pasiwe na mstari mmoja unaosomeka. Kanga iligeuka rangi ya kitambaa kilicholowa, sehemu zake nyeupe zikaonyesha ubao uliokuwa chini, na jina la kanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake, ambalo bibi alilichagua kwa sababu anazozijua yeye, likapotea ndani ya weusi wa pindo. Picha ilinyweshwa kuanzia kingoni, ikawa na mabaka kama ya maji kuzunguka uso. Aidha, rezini na kigumishi chake vikichanganywa hutoa joto, na ukimwaga tabaka nene kwa mkupuo mmoja joto hilo huzidi, hutokota, na viputo vyake vikiganda haviondoki. Jua nalo huigeuza kuwa ya njano. Hakuna namna ya kuitoa karatasi humo ikabaki karatasi.

Hata usipomwaga rezini, ubao na chumvi peke yake vinatosha kuiharibu. Picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe zimeumbwa kwa chembe za madini ya fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini, na jelatini hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, hulainika. Pwani yetu ina unyevu wa kutosha; wewe unataka kuongeza chumvi, ambayo huuvuta zaidi. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa muda, kuvu huota juu ya jelatini na kuila. Plaiwudi kwa upande wake hutoa mvuke wa asidi na fomaldehaidi, ambao ni adui wa fedha ile.

Kwa hiyo nakusihi ufuate kanuni moja: chochote kinachoingia kwenye kazi lazima kiweze kutoka kama kilivyoingia, na kisichoweza kutoka hivyo kiwekewe nakala. Ukiishika hiyo, utajua mwenyewe gundi ipi ukatae na msumari upi usipigilie.

Usikubali kuambiwa kwamba nakala haigusi mioyo. Msanii Christian Boltanski wa Ufaransa, katika kazi yake ya mwaka 1990 kuhusu Waswisi waliokufa, alichukua picha za matangazo ya vifo gazetini, akazipiga picha upya na kuzikuza, na watu husimama mbele ya nyuso zile kwa uzito wa watu walio msibani. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, katika kazi yake ya mwaka 2004 alisimamisha sanamu bapa 100 za ukubwa wa mtu, za Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, na mgongoni mwa kila mmoja akaweka maneno yanayolitaja jina lake la asili na jina alilobandikwa. Hakuhitaji mfupa wala nguo ya yeyote kati yao, na mgongo aliuacha usomeke. Doris Salcedo wa Kolombia yeye alitumia viatu halisi vilivyotolewa na familia za watu waliopotezwa, lakini aliviweka katika vishubaka ukutani na kuvifunika kwa utando mwembamba wa kibofu cha ng'ombe, ulioshonwa kwa uzi wa hospitali. Viatu vile havikuhitaji gundi.

Basi fanya hivi. Kila picha na kila barua iskani mbele na nyuma, kwa dpi (nukta kwa inchi) 600 au zaidi, kisha chapisha nakala kwa wino usiochuja. Nakala hizo ndizo utakazozifanyia utakalo, hata rezini. Ila uzipake kwanza gundi nyeupe iliyopunguzwa maji pande zote, tabaka juu ya tabaka, mpaka karatasi isiweze kunywa tena. Kanga usiikate. Ishonee utepe wa pamba upande wa juu kwa mishono mirefu, pitisha fimbo, ining'inie mbali na dirisha. Ikiwa lazima picha moja halisi ionekane, ishike kwa kona za karatasi isiyo na asidi, ndani ya fremu yenye nafasi kati yake na kioo, kwa maana jelatini iliyolowa ikigusa kioo huganda hapo, na uso wa mtu hubanduka pamoja nacho.

Umesema picha mbili umeshazibandika kwa majaribio. Usizitie maji wala mvuke ili kuzibandua, kwa sababu jelatini italainika kabla gundi haijaachia, na wala usizichokonoe kwa kisu. Zipige picha zikiwa hapo zilipo, kata ubao kuzizunguka, kisha mpe mtu mwenye mkono mtulivu aupunguze ubao huo kutokea nyuma, tabaka kwa tabaka, mpaka ubaki mwembamba kabisa. Zihifadhi hivyo, mahali pakavu, zikae nje ya maonyesho. Kisha uende kwa mwenye picha hizo, kama ni mama au shangazi, umwambie mwenyewe kabla hajaziona kwa mtu mwingine.