Kabla hujampa mgonjwa wa kiharusi kijiko cha kwanza

Wadogo zangu mlioripoti mwezi huu, jana nilisimama mlangoni pa wodi nikamwona mmoja wenu anamwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza, na mwenzake anamwambia binti wa mgonjwa mwingine, "Mpe chai kidogo, koo limemkauka." Nikawapigia kelele mbele za watu: acha huo mkono, weka chini hiyo chai! Kwa kelele naomba radhi. Kwa nilichokisema siombi, na nataka mjue kimetoka wapi.

1. Saa. Muulize ndugu: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Si saa aliyokutwa sakafuni. Aliyeamka amepooza, mhesabie tangu alipokwenda kulala. Na mama akisema "saa mbili asubuhi", kwenye faili ni 08:00. Wiki iliyopita nimekuta imeandikwa 02:00. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu alipoonekana mzima. Kwa kalamu tu umeshamnyima mtu saa sita.

2. Pima sukari kabla ya kutamka kiharusi, maana sukari ikishuka sana nayo humlegeza mtu upande mmoja. Aspirini isubiri CT skani, ile picha ya ubongo. Kwa macho hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka. Presha ya 190 siku ya kwanza, mwite daktari, wala usikimbilie kumwekea mtu nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi. Mshipa ukiwa umeziba, presha hiyo ndiyo inayosukuma damu kidogo iliyobaki.

3. Kumeza.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Mzee mmoja, seremala, aliletwa mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Siku ya pili alikuwa macho, ananitazama kila nikipita. Binti yake akaja na chupa ya uji wa ulezi, akaniuliza kwa adabu, "Dada, naweza kumpa? Tangu jana hajatia kitu mdomoni." Nilikuwa na wagonjwa ishirini na kitu na dripu mbili zimekwisha. Nikamwambia mpe tu, mzee ana njaa. Sikumkalisha. Alikuwa amelalia mto mmoja. Sikumwambia aseme "aaa" nisikie sauti. Binti akamlisha kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kwa khanga, na mzee hakukohoa hata mara moja. Hilo la kutokukohoa ndilo lililonituliza. Nilikuwa sijajua kwamba kiharusi kinaweza kuua hata kikohozi, uji ukateremka mapafuni kimya kimya.

Alipomaliza, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesukutua maji kooni. Niliisikia. Nikasema moyoni ni makohozi, nikaenda kwenye dripu zangu.

Usiku wa siku iliyofuata homa ikapanda, pumzi ikawa za haraka. Nimonia. Alianzishiwa antibayotiki na oksijeni, na siku ya sita akafariki asubuhi, zamu yangu. Binti alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumhudumia baba yake. Akaniambia anashukuru angalau alikula uji wake kabla ya kuondoka. Sikumjibu kitu. Imepita miaka kumi na minne na sijamwambia mtu yeyote wa familia ile.

Kwa hiyo: mgonjwa awe macho, akae wima. Kijiko cha chai cha maji. Ngoja ameze, mwambie aseme "aaa", sikiliza. Rudia mara chache kabla ya kikombe. Akikohoa, au sauti ikilowa, hapewi chochote kwa mdomo. Mwite daktari, mzungumzie mpira wa kulishia unaopita puani. Akija kuruhusiwa kula, anayemeza kwa shida uji mzito humwendea vizuri kuliko chai, na akishakula akae nusu saa, mkague shavu la upande uliolegea, chakula hujificha humo.

4. Asiyesema hajawa mjinga. Tulikuwa na babu mmoja aliyebakiwa na neno "kesho" peke yake. Umekula? Kesho. Unaumwa? Kesho! Baada ya wiki wodi nzima ilikuwa inamwelewa kwa mapigo ya sauti, na ile "kesho" ya kumfukuza mwanafunzi wa kutoa damu hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Mama mwingine hakuweza kusema "maji", lakini akianzishiwa Alhamdu aliisoma mpaka mwisho, kwa sababu maneno yaliyozoeleka tangu utotoni mara nyingi hubaki. Basi msijadili mazishi juu ya kitanda cha mtu anayewasikia.

5. Bega lililopooza misuli yake haina nguvu ya kulishikilia, likivutwa linachomoka, na maumivu yake yatamzuia mazoezi kwa miezi. Mshike nyuma ya bega na kiunoni. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Mfundishe ndugu hayo yote tangu siku ya kwanza, si siku ya ruhusa akiwa ameshaita bajaji, maana mazoezi mengi ya kumrudisha mtu yatafanyika sebuleni kwake.

Kitanda namba 7 amepokelewa saa tisa alasiri, na hajajaribiwa kumeza. Kijiko kiko droo ya juu. Nendeni wawili, mmoja amkalishe.